Mapenzi Yaliyokatazwa, na Nani Aliyeyakataza

Limekuwa jambo la kawaida katika nyumba zetu, kitabu cha hadithi kikiingia, kuulizwa kwanza kama kina mapenzi ndani yake. Kikiwa nayo, ama kijana hukificha chini ya mto, ama mzee hukichukua akakitia kabatini na kufunga kwa ufunguo. Kwa hivyo aghlabu hutokea kuwa kijana amekisoma peke yake, bila ya mtu wa kumuuliza, na mzee hakukisoma kabisa bali amekihukumu kwa jalada lake. Leo nataka kuzungumza juu ya riwaya moja yenye mapenzi yaliyokatazwa ambayo, kwa maoni yangu, faida yake ni kubwa kuliko khasara yake, lakini kwa sharti moja: isomwe na wazee pamoja na vijana, na kila mmoja awe tayari kuiona sehemu yake humo.

Riwaya yenyewe ni Desertion, neno la Kiingereza lenye maana ya kumwacha mtu na kumtelekeza. Aliyeiandika ni Abdulrazak Gurnah, na ilitoka mwaka 2005. Mwandishi huyu si mgeni kwetu. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akali kijana baada ya Mapinduzi, akaishi na kusomesha Uingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wengi wamemjua kwa kitabu chake cha Paradise cha mwaka 1994, ambacho kimefasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Desertion haikupata umaarufu huo. Walakini kwa nyumba za Waislamu wa pwani naiona inatugusa zaidi, kwani mengi ya mambo yake hutendeka baina ya msikiti, duka, ua wa nyumba na chumba cha kushonea nguo, mahali ambapo kila mmoja wetu amekulia.

KISA CHENYEWE

Kisa kinaanza mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani, kaskazini ya Mombasa. Waingereza walikuwa wametangaza himaya yao mwaka 1895, na ukanda wa pwani ulikuwa bado kwa jina ni wa Sultani wa Zanzibar. Hassanali, mwenye duka, anatoka alfajiri kwenda kufungua msikiti na kuadhini, na njiani anamkuta mtu ameanguka, hana nguvu, hana kitu. Ni Mzungu, Martin Pearce, aliyeibiwa na kuachwa na waongozi wake. Hassanali anamchukua nyumbani kwake kama Muislamu apaswavyo kumfanyia msafiri, bila ya kuuliza dini yake wala mali yake. Malipo anayoyapata ni kuja mtawala wa Kiingereza, Frederick Turner, akamchukua mgonjwa na kumtuhumu mwenyeji wake kuwa mwizi.

Pearce akipata nafuu anaona haya kwa maneno hayo, naye anarudi kuomba radhi na kushukuru. Ndipo anapomwona Rehana, dada yake Hassanali. Rehana na ndugu yake ni watoto wa baba Mhindi Muislamu na mama wa hapa hapa pwani. Alipata kuolewa na mfanya biashara aitwaye Azad, ambaye alisafiri akaahidi kurudi, na asirudi. Baina ya Rehana na Pearce yanazuka mapenzi. Wanakwenda kuishi pamoja Mombasa, kisha Pearce anarejea kwao Uingereza, na Rehana anabaki na mtoto wa kike.

Kutoka hapo hadithi inaruka miaka hamsini na zaidi, hata Unguja ya siku za mwisho za Waingereza. Tunaingia katika nyumba ya waalimu wawili, mume na mke, wenye watoto watatu: Farida, Amin na Rashid. Farida ni mshonaji, na miongoni mwa wanaokuja kushonewa ni Jamila, mwanamke aliyeachika, mzuri wa sura na mwenye kujitegemea. Amin anampenda. Kumbe Jamila ni mjukuu wa Rehana. Wazazi wakijua wanamkemea mtoto wao na kumtaka aahidi kuwa hatamwona tena. Amin anaahidi, na anaitimiza ahadi hiyo. Rashid anakwenda kusoma Uingereza, nchi inapata uhuru mwezi wa Disemba 1963, Mapinduzi yanatokea tarehe 12 Januari 1964, na nyumba ile haikutani tena kama ilivyokuwa.

KATAZO LA KWANZA

Ndugu msomaji, ukiangalia vizuri utaona kuwa kitabu hiki kina mapenzi mawili yaliyokatazwa, na watu wa mji wameyatia yote mawili katika kapu moja. Wote husema "aibu". Kazi yetu sisi Waislamu ni kupambanua, kwa sababu dini yetu haikutupa neno aibu liwe mizani, bali imetupa halali na haramu.

Haya ya Rehana na Pearce hayana haja ya kuzungukwa. Mwanamke wa Kiislamu si halali kwa mwanamume asiyekuwa Muislamu, na kuishi mke na mume bila ya nikaha ni zina, awe Mzungu au awe imamu wa msikiti. Hapana pazia la mapenzi linaloweza kulifunika jambo hilo, na anayesoma akasema "maadamu walipendana basi si kitu" amesoma kwa moyo na kuiacha akili mlangoni.

Lakini tusisimame hapo, kwani haramu pia ina hesabu yake, na hesabu hiyo hailipwi sawa. Pearce hakuchorwa kuwa mtu mwovu. Ni mpole, ajua Kiarabu, anachukizwa na jeuri ya wenzake. Mwovu hujulikana tangu mlangoni akafungiwa. Huyu aliingia kwa adabu, akakaribishwa kwa chakula, na mwisho akaondoka kwa meli. Aliyebaki na mtoto ni Rehana. Aliyebaki na jina baya ni Rehana. Kijana wa kike asomaye kitabu hiki akipata funzo moja tu, na liwe hili: asimpime mtu kwa upole wa maneno yake, ampime kwa alilo tayari kulifunga mbele ya mashahidi.

Wala asidhani msomaji kuwa haya ni ya kubuni tu. Mwaka 1866 Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza akiwa na mimba ya mfanya biashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Ruete alimfuata Aden mwaka 1867, na huko Salme akabatizwa, wakafunga ndoa, wakaenda Hamburg. Mume alikufa mwaka 1870 kwa ajali, akamwacha mgeni na watoto wadogo katika nchi ya baridi. Na ndugu zake waliotawala Unguja hawakumrudishia nafasi yake. Hata hivyo Ruete alimwoa. Pearce hakufanya hata hilo.

Na mambo ya namna ya Pearce yalikuwa mengi hata serikali yao ikalazimika kusema. Mwaka 1909 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Lord Crewe, alitoa waraka wa kuwaonya maofisa wao wasiweke vimada wa kienyeji. Waraka huo ulizuka baada ya fedheha ya ofisa mmoja katika nchi ya Kenya ya leo. Lakini lililowasumbua zaidi lilikuwa ni heshima ya utawala wao machoni mwa wenyeji. Heshima ya wanawake wale na watoto wao haikuwa ndiyo shida. Kina Rehana hawakuwamo katika hesabu hiyo.

Na liko jambo jengine ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Kabla ya Pearce alikuwako Azad. Huyu alikuwa Muislamu, alimwoa Rehana kwa nikaha, kisha akampotelea. Mwanamke wa namna hii tunamjua, yuko katika kila mtaa: si mke, si mjane, si mtalaka. Sharia haikumwacha bila ya mlango, kwani wanavyuoni wamelizungumza jambo la mume aliyepotea na asiyetoa matumizi, na kadhi anaweza kuitazama kesi yake na kumfasikhia ndoa. Lakini ni nani katika jamaa hufunga safari akamsindikiza kwa kadhi? Aghlabu tunamwambia asubiri, kisha tunakaa dirishani kumtazama kama kweli anasubiri. Mwenye kumlaumu Rehana kwa Pearce, na alaumu kwanza miaka ile ya Azad.

KATAZO LA PILI

Sasa tuje kwa Amin na Jamila. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Wao nao walikosa. Kukutana kwa siri usiku, mwanamume na mwanamke wasiokuwa maharimu, si jambo la kutetewa, na mwandishi hakuficha kuwa lilifika mbali. Lakini kosa hili lilikuwa na dawa, tena dawa yenyewe ilikuwa karibu. Amin Muislamu, hana mke. Jamila Muislamu, ameachika, hana mume. Hawakunyonya ziwa moja, hawana udugu wa kuwazuia. Lililohitajika ni toba, posa, walii, mashahidi wawili na mahari. Jambo la siku chache, na kitanda cha haramu kingekuwa kitanda cha halali.

Wazazi wa Amin hawakulitaja hilo. Nao si watu wajinga; ni waalimu, watu walioshindana na wazee wao wenyewe ili wapate kusoma. Lau hasira yao ingekuwa kwa ajili ya zina, wangesema: "Mtoto wetu, umekosa, tubu, na kama wamtaka twende tukampose." Walilolisema ni kuwa mwanamke yule ameachika, ni mkubwa kuliko yeye, na khasa kuwa ametoka katika ukoo wa bibi yule aliyekaa na Mzungu. Maana yake ni kuwa hata angemwoa kwa nikaha iliyo safi, wangekataa vile vile. Basi kilichokatazwa hapa hakikuwa haramu. Kilichokatazwa ilikuwa ni halali yenyewe.

Natuzichukue hoja zao moja moja.

Kuwa ameachika. Mtume wetu (S.A.W.) alioa wake, na isipokuwa Bibi Aisha, mama zetu hao wote walikuwa wamepata kuolewa kabla yake. Na Qur'ani Tukufu imewakataza watu kuwazuia wanawake walioachwa wasiolewe, pale wanaporidhiana na mume kwa wema. Atakayemhesabu mtalaka kuwa ni chombo kilichotumika, na ajiulize amelipata wapi neno hilo, kwani hakulipata katika dini.

Kuwa ni mkubwa kwa umri. Kwa hili hatuna haja ya maneno mengi maadamu twalijua jina la Bibi Khadija.

Kuwa hamlingani kwa ukoo. Hapa watu wetu hupenda kulileta neno kafaa, nalo ni neno la kweli katika fikihi. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, kafaa hutazamwa kwa upande wa mume: je, mume huyu amlingana mke? Ni haki ya mwanamke na ya walii wake, ili binti asitupwe mahali pasipomfaa. Haikuwekwa kuwa fimbo ya mama wa mume ya kumpigia mkwe. Wazazi wa mwanamume wakisema "huyu si kufu yetu" wameazima neno la sharia kwa kazi ya kujigamba.

Na kuwa bibi yake alizini. Hili ndilo lililo zito, kwa sababu ndilo linalosemwa hata leo kwa sauti ya chini siku ya posa, pale wazee wanapoulizana "mama yake ni nani, na mama yake mama yake ni nani?" Watu wetu wana msemo kuwa mchuma janga hula na wa kwao, na wana mwengine kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Misemo hii ina hekima yake katika mambo ya dunia. Lakini Qur'ani imekariri katika zaidi ya sura moja kuwa hapana nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyengine. Hata mtoto aliyezaliwa na Rehana na Pearce hakuwa na dhambi ya kuzaliwa kwake. Seuze mtoto wa mtoto huyo! Jamila hakuwako Mombasa. Hakumwona Pearce. Amehukumiwa kwa kesi iliyokwisha kabla hajazaliwa, na mahakimu wake ni watu wasomi, wapole, wanaosali.

UTIIFU NA MIPAKA YAKE

Wako watakaosema: mbona Amin alifanya vyema, aliwatii wazazi? Utiifu kwa wazazi ni jambo kubwa, na mwandishi wa makala haya hatafuti kulivunja. Kijana asiyemshauri mama yake katika ndoa amejinyima baraka. Walakini utiifu haumgeuzi mzazi kuwa mtunga sharia. Mzazi ana haki ya kushauri, ya kuonya, hata ya kukasirika. Lakini naye ataulizwa sababu yake, na "watu watasemaje" si sababu inayokwenda na mtu kaburini.

Tena utazame baraza ile ya usiku ule. Wako baba, mama na mtoto. Jamila hayumo. Imetolewa ahadi juu ya maisha yake naye hakuitwa kuisikiliza. Amin alitimiza ahadi kwa mama, na kwa ahadi hiyo hiyo akamwacha mwanamke aliyemwonyesha mapenzi. Kwa hivyo mjukuu wa Rehana ameachwa kama Rehana, na tofauti ni kuwa bibi aliachwa na mtu aliyepanda meli, na mjukuu aliachwa na kijana wa mitaa ya jirani. Hapo ndipo jina la kitabu linapopata uzito wake. Na Amin mwenyewe hakupona. Katika madaftari anayoyaandika tunamwona mtu aliyebaki na wazazi wake, aliyewahudumia, na ambaye ndani yake pana chumba kimefungwa. Wazazi walimpata mtoto mtiifu, lakini hawakumpata mwenye furaha.

NENO JUU YA UANDISHI

Si haki kukizungumza kitabu kwa mafunzo yake tu kana kwamba ni hotuba ya Ijumaa. Gurnah ni mwandishi mwenye staha. Pale ambapo waandishi wengi wa hadithi za mapenzi hukimbilia kitandani, yeye husita. Anayesimulia ni Rashid, nduguye Amin, na mapenzi ya Rehana na Pearce yakifika mahali pa kuanza, anausimamisha mkondo wa hadithi na kukiri kuwa hajui yalianzaje. Wako wasomaji waliokasirika kwa hilo, wakaona wamenyimwa kilicho chao. Mimi naona amefanya vyema mara mbili: ameihifadhi siri isiyokuwa yake, na ametuonyesha kuwa hata mji uliomhukumu Rehana kwa miaka mingi haukujua lililotokea. Ulijua uvumi tu.

Nina lawama moja. Rehana amepewa mlango wenye jina lake, na ndani yake tunamsikia akifikiri, akikasirika, akijuta. Jamila hakupewa. Yeye tunamwona kwa macho ya Amin: uzuri wake, sauti yake, chumba chake. Tungependa kujua alifikiri nini siku Amin alipoacha kuja. Alilia? Alimtukana? Alisali? Yawezekana mwandishi alikusudia kuwa Jamila asisikike kwetu kama asivyosikika kwa wazazi wa Amin. Kama ndivyo, shabaha imelengwa. Lakini msomaji wa kike atakifunga kitabu akiwa na deni analodai, nami naona anayo haki ya kulidai.

FAIDA KWA NYUMBA ZETU

Basi je, kitabu hiki kiingie nyumbani? Kwa maoni yangu kiingie, na kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, kijana aliyesoma awasimulie wazee sura kwa sura. Watabishana. Na wabishane. Binti ataona kuwa mlango wa Pearce ni mlango wa khasara hata ukifunguliwa kwa adabu. Kijana wa kiume ataona kuwa kumpenda mtu kwa siri na kumwacha kwa siri ni dhulma, hata ukimwacha kwa ajili ya mama yako. Na mzazi, hasa yule mwema, mwenye kusali, mwenye elimu, atajiuliza siku posa ikikataliwa nyumbani kwake: je, nimekataa kwa kuwa Mwenyezi Mungu amekataza, au kwa kuwa jirani atacheka?

Kwani leo hii, katika miji yetu, wako wasichana wanaokaa bila ya kuolewa kwa ajili ya jambo lililotendwa na bibi wa bibi yao, na wako watalaka ambao simu ya mama wa mume imewavunjia posa iliyokwisha kukubaliwa. Hao hawamo katika riwaya. Wamo katika safu za nyuma za misikiti yetu na katika shughuli zetu za maulidi, na tunakula nao sahani moja.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika kupambanua baina ya mipaka Yake na mipaka ya ndimi za watu. Wallahu aalam.